Masharti ya Joho: Msomi Alazimishwe Kujua Nini?

Kwa miaka mingi, mwanafunzi wa Chuo cha Swarthmore, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, aliweza kufaulu falsafa, kemia na Kifaransa kwa alama za juu na bado asivae joho kwa sababu moja tu: hajui kuogelea. Columbia, mjini New York, nako bwawa liliwangoja wahitimu vivyo hivyo, isipokuwa wale wa uhandisi. Wanafunzi wenyewe walikuwa na utani wa kuueleza msamaha huo. Kisiwa cha Manhattan kikivamiwa, walisema, wahandisi watajijengea daraja; waliosoma ushairi itabidi wapige mbizi.

Kijana wa Pemba au wa Ukerewe angeumaliza mtihani huo kabla ya chai ya asubuhi. Wa Dodoma angekuwa na kazi.

Sharti hilo linachekesha kwa sababu limekaa peke yake, halifanani na ndugu zake. Lakini mtu akishacheka, hana budi kuuliza. Aliyekuja kusoma historia alazimishwe kuelea majini kwa nini? Na kama hilo ni la ajabu, mbona halionekani la ajabu akilazimishwa takwimu, au mwanabiolojia akilazimishwa kumsoma Plato? Kila chuo kinachotoa shahada ya kwanza kimekwisha kuamua ni mambo gani mtu hawezi kuitwa msomi bila ya kuyapitia, hata kama uamuzi huo haujawahi kujadiliwa waziwazi. Vyuo vidogo vya Marekani vimeujadili, vimeugombania na kuuandika upya kwa takriban miaka 200, na orodha ya masharti ambayo mwanafunzi wa leo hukabidhiwa siku ya kwanza ni makovu ya ugomvi huo.

Kiswahili kimehangaika na jina la elimu hiyo. Tafsiri inayozagaa ni "sanaa huria", nayo inapotosha mara mbili. "Sanaa" humpeleka msomaji kwenye turubai, ngoma na jukwaa, ilhali fizikia ina nafasi yake katika vyuo hivyo sawa na uchoraji. "Huria" nayo, kwa Mtanzania, ina mwenyewe: Chuo Kikuu Huria, kinachowafundisha watu wakiwa makwao. Jina la asili ni la Kilatini, artes liberales, yaani maarifa yanayomfaa mtu aliye huru, asiye mtumwa wa mtu. Hapo mtu wa pwani hahitaji kamusi ya Kilatini. Ana neno "muungwana", lililobeba kwa karne nyingi mizigo yote miwili: asiye mtumwa, na mwenye adabu na elimu. "Elimu ya kiungwana" ingekuwa tafsiri ya kweli zaidi. Ingebeba hata dhambi ya neno lenyewe, kwani palipohesabiwa waungwana, wapo pia waliohesabiwa kuwa si waungwana.

Ulaya ya zama za kati iliyapanga maarifa hayo yakawa saba: sarufi, mantiki na balagha kwanza, kisha hesabu, jiometri, muziki na falaki. Mwanachuoni wa Lamu aliyepitia nahau, balagha na falaki asingeiona orodha hiyo ngeni sana.

Leo hesabu ni tofauti. Chuo cha kawaida cha aina hii kina wanafunzi kama 1,500 hadi 2,500, wengi wao wakilala bwenini, na aghalabu hakina shahada za uzamili. Masomo ni ya miaka minne, mihula minane, kozi nne kila muhula: jumla 32. Takriban theluthi moja ya hizo huenda kwenye somo kuu ambalo mwanafunzi amelichagua. Sehemu nyingine hutawanywa kwa lazima: kozi kadhaa za sayansi asilia, kadhaa za sayansi ya jamii, kadhaa za fasihi, falsafa na sanaa. Juu yake huja kozi ya uandishi, mara nyingi lugha ya kigeni, na kitu chochote chenye tarakimu. Kinachobaki ni hiari yake mwenyewe.

Jambo linalomshangaza zaidi mzazi wa Afrika Mashariki ni kwamba mwanafunzi hatakiwi kulitangaza somo lake kuu mpaka kuelekea mwisho wa mwaka wa pili. Kijana wa Tanzania anayeingia kidato cha tano amekwisha kufunga milango kadhaa. Tahasusi yake ndiyo hatima yake: wa HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) hatagusa tena kemia, wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) hataandika tena insha ya historia. Kwa miongo mingi dirisha pekee lililoachwa wazi lilikuwa somo la GS (General Studies), lililosomwa na kila mtu na kupendwa na wachache. Mwenzake wa Massachusetts, akiwa na miaka 19, bado anaonja.

Je, shahada hupimwa kwa nini? Kwa krediti, na hapa kuna kisa ambacho wahitimu wengi hawajawahi kukisikia. Mwaka 1905 tajiri wa chuma, Andrew Carnegie, alitoa dola milioni 10 ziwalipe maprofesa pensheni. Wasimamizi wa fedha hizo wakakwama mara moja: Marekani ilijaa shule zilizojiita vyuo, ipi ilikuwa chuo kweli? Wakaweka vigezo. Kimojawapo kilisema chuo kimpokee tu mwanafunzi aliyetimiza yuniti 14 za sekondari, kila yuniti ikiwa saa 120 za kusoma somo moja katika mwaka. Vyuo vilivyotaka walimu wao wazeeke na kitu mfukoni vilitii. Mwaka 1910 mhandisi Morris Cooke, mfuasi wa Frederick Taylor aliyepima kazi za viwandani kwa saa ya kusimamisha, aliwaandikia wasimamizi haohao ripoti iliyotaka kazi ya chuo nayo ipimwe kwa saa za mwanafunzi. Hapo ndipo ilipotoka krediti ya Marekani: saa moja ya darasa kwa wiki, muhula mzima, pamoja na saa mbili za kujisomea. Zikifika 120, mtu ana shahada. Kipimo cha usomi kilitoka kwenye mahesabu ya mafao ya uzeeni.

Tanzania nayo ina krediti, chini ya usimamizi wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na namba 120 inajitokeza tena, ila hiyo ni ya mwaka mmoja. Shahada ya miaka mitatu inadai 360. Anayehamisha matokeo yake kutoka Dar es Salaam kwenda Ohio asidhani amekwisha kuhitimu mara tatu. Krediti ya TCU ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi; ile ya Marekani, katika muhula wa wiki 15, ni kama saa 45. Jina ni moja, lakini hiki ni kibaba na ile ni pishi.

Orodha ya Marekani haikuanza na hiari. Mwaka 1827, katika Chuo cha Yale, lilitolewa pendekezo kwamba lugha zilizokufa ziondolewe kwenye masharti. Rais wa chuo, Jeremiah Day, na wenzake wakajibu mwaka 1828 kwa ripoti iliyosomwa nchi nzima. Hoja yao ilikuwa kwamba Kigiriki na Kilatini huifanyia akili kazi ambayo mizigo huifanyia misuli. Mtu hanyanyui jiwe kwa kuwa analihitaji jiwe. Ni hoja ya kijanja, maana humwondolea mwalimu mzigo wa kueleza faida ya anachofundisha. Ilitawala kwa takriban miaka 40.

Aliyeivunja ni mkemia. Charles William Eliot alikabidhiwa Harvard mwaka 1869 akiwa na umri wa miaka 35, akakaa hapo miaka 40. Aliamini kwamba kijana wa miaka 18 anayajua mapenzi ya akili yake kuliko kamati yoyote ya wazee, na mwaka baada ya mwaka aliyang'oa masharti kama mtu anayepalilia. Mwishoni mwa karne ya 19, kozi ambayo karibu kila mwanafunzi wa Harvard alilazimishwa ilikuwa moja tu, ya uandishi wa mwaka wa kwanza. Wakosoaji walilalamika kwamba vijana walikuwa wakiokota kozi za utangulizi huku na huko, wakaondoka na shahada isiyo na kina wala mpangilio. Mrithi wake, A. Lawrence Lowell, aliyeingia 1909, alikata shauri la katikati: mwanafunzi azame sehemu moja na atawanyike kwingine. Mapatano hayo ya Lowell ndiyo mifupa ya orodha nyingi zinazotumika hadi leo.

Mapatano, kama ilivyo kawaida yake, hayakumridhisha mtu. Mtawanyo unadai kwamba kila kozi ya sayansi ni sawa na nyingine kwa asiye mwanasayansi, na wanafunzi waliligundua tundu hilo mapema. Vyuo vya Marekani vimekuwa na kozi za kutimiza sharti zilizopewa majina ya kejeli na wanafunzi wenyewe: jiolojia nyepesi ikaitwa "Mawe kwa Wanamichezo", fizikia isiyo na hesabu ikaitwa "Fizikia kwa Washairi". Mtu anapita, anatiwa tiki, anasahau.

Ndiyo maana wapo waliokimbilia pembe mbili za uwanja.

Pembe ya kwanza iko Annapolis, Maryland. Chuo cha St. John's, ambacho mizizi yake inafika shule iliyoanzishwa mwaka 1696, kilikuwa karibu kufa miaka ya 1930: fedha hakuna, ithibati imepotea. Mwaka 1937 walikuja wanaume wawili, Stringfellow Barr na Scott Buchanan, wakaifuta hiari yote. Hakuna somo kuu. Hakuna kuchagua, ila pembeni kabisa. Kila mwanafunzi husoma vitabu vilevile, kwa mpangilio uleule, kuanzia Homer mwaka wa kwanza hadi waandishi wa karne ya 20 mwaka wa mwisho. Miaka minne ya hisabati, ambayo haianzi na kitabu cha kiada bali na Euclid mwenyewe. Wanafunzi humpitia Ptolemy, aliyeiweka dunia katikati, kabla ya kumfikia Copernicus aliyeiondoa. Miaka minne ya lugha, Kigiriki cha kale kwanza na Kifaransa baadaye. Miaka mitatu ya maabara. Muziki pia. Walimu hawaitwi maprofesa, na mwalimu wa maabara leo anaweza kuwa wa Kigiriki mwakani, kwa kuwa chuo kinaamini kwamba lisilomwezekana mwalimu asidaiwe mwanafunzi.

Wengi huiona St. John's kama jumba la makumbusho. Ina udhaifu ulio wazi: orodha ya vitabu ni ya Magharibi karibu yote, na kijana anayetaka kuwa daktari itambidi atafute kemia mahali pengine. Lakini ina jambo moja ambalo hakuna orodha ya mtawanyo iliyowahi kulipata. Mtu akikaa na yeyote wa mwaka wake kwenye meza ya chakula, wote wawili wamekisoma kitabu kilekile wiki ileile. Sharti linakuwa mazungumzo.

Pembe ya pili iko Amherst, Massachusetts, na Grinnell, Iowa, ambako sharti la pamoja ni karibu moja tu: semina ndogo ya mwaka wa kwanza. Yaliyobaki ni masharti ya somo kuu na jumla ya kozi, 32 kwa Amherst, krediti 124 kwa Grinnell. Chuo Kikuu cha Brown, kilicho kikubwa kuliko hivi, kilifika huko mwaka 1969 baada ya wanafunzi wawili, Ira Magaziner na Elliot Maxwell, kuongoza uandishi wa ripoti ya zaidi ya kurasa 400 kuhusu elimu waliyokuwa wakipewa. Brown hakuna alama ya D, na aliyefeli kozi, kozi hiyo haionekani kwenye hati ya matokeo anayopewa mwajiri. Mwanafunzi wa Mlimani, Dar es Salaam, aliyewahi kukesha akihofia sapu, au aliyemsindikiza mwenzake aliyedisko hadi stendi ya basi, atasoma sentensi hiyo mara mbili.

Hiari hiyo si holela. Grinnell, mwalimu wa ile semina ya kwanza ndiye anayekuwa mshauri wa masomo wa wanafunzi wake, watu wachache anaowajua kwa majina na kwa mwandiko. Kijana akitaka kukwepa hesabu kwa miaka minne, atamweleza mtu sababu, ana kwa ana. Sharti limetoka kwenye karatasi likahamia kwa binadamu, na binadamu ni ghali kuliko karatasi.

Ugomvi wa siku hizi si wa kiasi cha masharti, ni wa vitabu vya nani. Reed, mjini Portland, Oregon, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupitia Humanities 110, somo lililojengwa kwa miongo juu ya Ugiriki, Roma na ulimwengu uliozizunguka. Kuanzia 2016 wanafunzi walikaa mbele ya ukumbi wa mihadhara na mabango, wakisema somo hilo lilikuwa la wazungu peke yao. Mwaka 2018 chuo kilitangaza mpango mpya: baada ya ulimwengu wa kale, somo lingepita Mexico City na Harlem. Chuo hakikulifuta somo. Kilibadilisha safari.

Msomaji wa Nairobi anaijua hadithi hiyo, tena mapema zaidi. Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka kuhoji kwa nini idara ya Kiingereza ndiyo iwe mlango wa fasihi katika chuo cha Afrika. Hawakutaka Shakespeare afukuzwe; walitaka safari ianzie nyumbani, fasihi simulizi ikiwemo, ndipo iende mbali. Hoja waliyoijenga Nairobi ilitangulia ile ya Portland kwa takriban nusu karne.

Sharti la lugha limefungua mlango mdogo wa nyuma kwa Kiswahili. Vyuo vitano vya bonde la mto Connecticut, Amherst, Smith na Mount Holyoke vikiwemo, hushirikiana kufundisha lugha ambazo kimoja peke yake kisingezimudu, na Kiswahili kimo. Kwa mwanafunzi aliyetoka Mombasa au Bujumbura mambo hugeuka: vyuo vingi humsamehe sharti hilo anayethibitisha kwamba lugha yake ya kwanza si Kiingereza. Alichokunywa na maziwa ya mama kinamwokolea mihula kadhaa.

Lipo sharti jingine ambalo Mtanzania wa rika fulani atalitambua kwa malengelenge ya mikono. Berea, Kentucky, chuo kilichoanzishwa 1855, hakitozi ada ya masomo, na kila mwanafunzi hufanya kazi zisizopungua saa 10 kwa wiki: bustanini, jikoni, maktaba, kwenye karakana za ufundi. Kazi hiyo hutathminiwa kama somo. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967 alikuwa na fikra ya jirani: msomi asiyejua jembe si msomi kamili. Tofauti ni kwamba Berea kazi hulipa sehemu ya gharama na ina msimamizi wake. Shamba la shule, mahali pengi, liliishia kuwa adhabu ya waliochelewa mstarini.

Nyerere mwenyewe ni mfano ambao watu huupita bila kuutazama. Shahada aliyoichukua Edinburgh kati ya 1949 na 1952 haikuwa ya kuzama katika somo moja kwa mtindo wa Uingereza. Ilikuwa ile ya Scotland ya kutawanyika, na ndani yake alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa kisiasa, anthropolojia, historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Aliyemtafsiri Shakespeare akiwa Ikulu hakuokota tabia hiyo njiani.

Lakini vyuo ambavyo Afrika Mashariki ilivirithi vilikuwa vya London. Makerere ilitoa shahada za Chuo Kikuu cha London, na Dar es Salaam ilianza Oktoba 1961 kwa mpango huohuo, kwa kitivo kimoja, cha sheria. Miaka mitatu, somo moja au mawili, basi. Kilichobadilisha mambo Dar es Salaam hakikuwa nadharia ya elimu bali maandamano. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sharti la kujitolea kwa miaka miwili katika Jeshi la Kujenga Taifa huku wakikatwa sehemu kubwa ya mshahara. Nyerere aliwafukuza karibu 400. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, na Machi 1967 chuo kikafanya mkutano wa kujiuliza kazi yake katika nchi ya kijamaa ni ipi. Kutoka katika mjadala huo likazaliwa somo la pamoja kwa kila mwanafunzi, awe wa sheria au wa kemia, ambalo likakomaa kuwa Taaluma za Maendeleo. Wanafunzi wanaliita DS.

DS, kwa hiyo, ni binamu wa Humanities 110. Yote mawili yanasema kwamba kuna jambo ambalo mkemia na mwanasheria lazima walijue kwa pamoja. Siku za mwanzo DS ilikuwa na moto. Walter Rodney alikuwa akifundisha kilimani hapo, na watu waligombana kuhusu ubeberu kuanzia ukumbini hadi kantini. Leo mwanafunzi wa uhandisi huisoma kama ushuru wa barabarani. Pamoja na stadi za mawasiliano, hufundishwa katika kumbi za mamia ya watu, kipaza sauti kikikoroma, na noti zilizochapwa zikipitishwa kutoka mwaka hadi mwaka. Kenya nako ni yaleyale: yuniti za pamoja za mawasiliano, za maendeleo, za Ukimwi, zikijazana kwenye ratiba ya mwaka wa kwanza.

Ni rahisi kulilaumu somo. Kosa liko kwenye ukumbi. Semina ya Grinnell ina watu wachache mezani, na kila mmoja lazima aseme kitu. Ukiichukua semina hiyo ukaimwaga kwa watu 600, utapata DS, hata kama kitabu ni cha Plato. Na ukimtoa mwalimu wa DS ukumbini ukamkalisha na wanafunzi 15, wakiwa na kitabu kimoja cha Rodney na kimoja cha wanaompinga, sharti linalochukiwa leo lingeweza kuwa somo ambalo mtu hulikumbuka akiwa na mvi.

Ghana wamejaribu. Patrick Awuah, aliyehitimu Swarthmore na kufanya kazi Microsoft, alifungua Ashesi mwaka 2002 akiwa na wanafunzi 30. Wanaosoma kompyuta, biashara au uhandisi wote hupitia kiini cha pamoja chenye uandishi, taaluma za Afrika na semina za uongozi. Ni chuo kidogo kwa makusudi, na udogo huo ndio siri yake na ndio kikomo chake.

Maana gharama haijifichi. Vyuo vidogo vyenye majina Marekani hudai zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka kwa ada peke yake, ingawa vile vyenye akiba kubwa, Amherst kikiwemo, hugharimia wengi wasio na uwezo. Hata serikali tajiri huchoka: Yale-NUS, chuo cha aina hii kilichoanzishwa Singapore mwaka 2011, kilitangaziwa mwisho wake miaka 10 baadaye na kufungwa 2025. Kenya nayo, katika mfumo mpya wa 2-6-3-3-3, inarudi kwenye shahada ya miaka mitatu baada ya mfumo wa 8-4-4 uliokuwa na minne. Mwaka unaokatwa ndio ule ambao mtawanyo ungeweza kupata pa kukaa, na kwa hali hiyo yuniti za pamoja zitabanwa zaidi au zitaondoka kimyakimya.

Kama ingebidi kuchagua sharti moja la kuazima, basi lisiwe la mwanzo bali la mwisho. Reed hamtoi mtu bila tasnifu ya mwaka mzima, aliyoitetea kwa mdomo mbele ya jopo, awe wa fizikia au wa ngoma. St. John's hudai insha na utetezi wa hadharani. Swarthmore, tangu 1922, imekuwa na mpango ambao wanafunzi wake hutahiniwa na watahini wa nje waliokuja kuwahoji ana kwa ana. Katika vyuo vya Afrika Mashariki utafiti wa mwaka wa mwisho upo, na mtahini wa nje yupo, lakini mara nyingi mtahini huyo huonana na karatasi, haonani na mtu. Nusu saa ya kukaa mbele ya watatu wanaouliza "kwa nini umesema hivi?" haihitaji maktaba mpya wala bwawa la kuogelea. Inahitaji walimu wapewe muda wa kuifanya, na hilo ni jambo ambalo seneti ya chuo chochote, Dodoma au Eldoret, inaweza kuliamua katika kikao kimoja.

Mwaka 1960, miongoni mwa vijana karibu 300 waliosafirishwa kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya na fedha za familia ya Kennedy, alikuwamo msichana wa Nyeri aliyepelekwa kwa masista wa Benedikto huko Atchison, Kansas, katika chuo cha Mount St. Scholastica. Alihitimu 1964: somo kuu biolojia, na kando yake kemia na Kijerumani. Kwa mwanabiolojia wa Kenya, Kijerumani kilionekana pambo. Mwaka 1966 Wangari Maathai alirudi Nairobi, akapata kazi chini ya Profesa Reinhold Hofmann, aliyetoka Chuo Kikuu cha Giessen, na mwaka uliofuata akaenda Ujerumani kwa utafiti wa shahada yake ya uzamivu.